Ekra Yenye Inaangalia Benchi

Ule mwaka ulikuwa mwaka wa sambaza. Mukimuuliza mutu yeyote wa Bukavu wa umri wangu, atawaambia vile vile. Zile samaki ndogo za ziwa zilijaa mpaka paka zilianza kuchagua. Tulikula sambaza na bugali asubui, sambaza na sombe muchana, na mutoto akilia tulimupa sambaza ya kukauka ashike mu mukono anyamaze. Wanafunzi walikuwa wananiletea memwari zao, vile vitabu vya kumaliza masomo, niwapigie ku mashini, makaratasi yananuka samaki, juu walitembea nazo mu sakoshi moja na chakula cha saa sita.

Njo ule mwaka nilifunga ekra mbili, vioo viwili vya kuonyesha maandishi, ku ordinatere moja, yani kompyuta. Na njo ule mwaka nilipoteza muteja, kliya wangu mukubwa kuliko wote, juu ya ile ekra ya pili.

Nawaandikia nyinyi wajukuu wangu, na nyinyi wengine wenye munakaa leo mbele ya klavye, pale pa kupiga herufi, kama vile mulizaliwa nayo mu mikono. Sababu ni Aline. Aline ni mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu wa kwanza, na yeye njo anaendesha sekretaria yangu sasa, pale tunapopiga barua na memwari za watu na kuzitoa ku emprimanti. Anaendesha vizuri, sitaki kudanganya. Lakini anataka kugeuza ekra ya pili. Anasema iangalie yeye. Mimi nasema iendelee kuangalia benchi, pale wanapokaa wenye kungojea. Tumebishana wiki mbili. Mwisho akaniambia: «Koko, andika sababu zako mu kaye, tutasoma.» Alifikiri nitachoka.

Sijachoka.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primaire. Kisha baba alisema inatosha, na sikumuchukia, juu hesabu zilikuwa zinaniumiza kichwa. Lakini vidole vyangu viliendelea na masomo. Walinipeleka kwa Mama Régina, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya kengele, alikuwa na mashini ya kuandikia nzito kama jiwe la kusagia. Yeye njo alinifundisha kazi. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: «Vidole havina kuuliza maana. Vinafuata herufi.» Ile ilinifaa sana, juu Kifaransa nilikuwa napiga tu sawa vile mutu anafuma kikapu: nilijua huu uzi unapita hapa, ule unapita pale, maana yake waulizwe wenye kikapu.

Ya pili: kabla ya kutoa karatasi ku mashini, unasoma majina yote kwa sauti, mwenye karatasi akisikia. Yote. Hata kama iko majina makumi tatu ya kwaya.

Siku moja nilisahau. Ilikuwa mialiko ya ndoa. Ilitoka na jina la bibi-arusi wa juma lililopita. Bwana-arusi alikuja na wajomba zake watatu, wote warefu. Mama Régina aliwasikiliza, akanigeukia, akasema mbele yao: «Huyu mutoto ameowesha mutu bila padiri.» Wajomba wakacheka, nikapona. Lakini toka ile siku nikisikia jina la mutu nalitamuka mara mbili, hata ku soko.

Basi, ordinatere zikaingia, na kusoma kwa sauti kukafa. Hakuna mwenye alikuua, kulikufa tu. Watu walikuwa na haraka, benchi inajaa, flash inaingia, karatasi inatoka, mwingine! Mwenye alikuwa anataka kuona kazi yake alikuwa anasimama nyuma yangu. Nyuma yangu kabisa! Ananipumulia ku shingo, ananyoosha kidole juu ya bega langu, anagusa ekra: «Hapa, maman, hapa uliacha nukta.» Na kidole kimetoka ku sambaza. Ekra yangu ilikuwa na mafuta kuliko sahani.

Kabla ya ekra ya pili kulikuja kwanza Linux, nayo ililetwa na virisi. Flash za wanafunzi zilikuwa zinatembea mu muji muzima, zinaokota kila uchafu, na zinakuja kulala kwangu. Mutoto wa watu analeta memwari ya mwaka muzima, unafungua, unakuta vitabu vyake vyote vimegeuka vijina vya ajabu ajabu. Nimeona kijana mwenye ndevu analia kama mutoto ananyimwa ziwa.

Papa Sosthène njo aliniokoa. Alianza kwa kutengeneza radio, kisha simu, kisha ordinatere, na vyote alivitengeneza na bisibisi moja. Akaniambia:

«Maman, tutoe ile sistemu yako ya zamani. Tuweke Linux.»

«Linux ni nini tena?»

«Ni sistemu ingine. Virisi za hizi flash zikifika pale zinakosa pa kukaa.»

«Na mimi nitapata pa kukaa?»

«Weye utakaa. Baridi kidogo siku za kwanza.»

Siku za kwanza nilimutukana sana. Vyote vilikuwa vimehama, sawa mutu anarudi nyumbani anakuta sufuria chini ya kitanda. Lakini wiki mbili zikipita, nikaona memwari za watu haziliwe tena, nikaacha kutukana. Leo hata mukinipa ingine bure siitaki.

Kisha ofisi moja ya Ibanda ikawa inatupa vyombo vya zamani, na Papa Sosthène akaniletea ekra. Ndogo kuliko yangu, imegeuka rangi kama jino la muvuta tumbako, lakini ilikuwa na kitu kimoja nilipenda mara moja: muguu wa kuzunguka. Unaisukuma na kidole, inakugeukia. Nikaona mbele yangu mambo yote. Mimi nakaa ku klavye na ekra yangu; ile ingine naiweka ku ukingo wa meza, mukono wa kushoto, mugongo wake kwangu, uso wake ku benchi. Kliya anaangalia yake, anaona kila kitu napiga, anasema «hapa uliacha nukta» akiwa amekaa, mbali, na shingo yangu inapumzika.

«Unaweza kuifunga?» nikamuuliza.

Papa Sosthène akaingiza mikono yake miwili mu mifuko ya suruali. «Mimi siwezi. Weye unaweza.»

Vile njo alikuwa anafundisha. Mikono mu mifuko, mpaka mwisho. Ukikosea, anakohoa. Nilimuchukia, lakini nyinyi wenye munafundisha wadogo zenu kwa kuwanyanganya sourisi, kile kipanya cha mukono, mujue: kile nilifanya mbele ya mifuko ya Papa Sosthène, sijakisahau hata kimoja.

Kwanza kable, ule waya wa kuunganisha. Nyuma ya ordinatere kuko na midomo. Moja iko nyembamba na bapa, ingine iko pana, ya bluu, na vitundu kumi na tano. Kable yake iko na meno kumi na tano na visi mbili za kukaza pembeni. Mimi niliiingiza juu chini, kwa nguvu, sawa mutu anafunga valizi ya safari. Papa Sosthène akakohoa. Nikaitoa, jino moja limelala. Nililinyoosha na sindano ya kushonea nguo, polepole, ulimi inje. Kwa hiyo: angalia umbo kabla ya kusukuma. Mudomo uko na upande mupana na upande mufupi. Na zile visi unazikaza kwa vidole tu.

Nikawasha. Ekra ya pili ikawa nyeusi.

«Imekufa,» nikasema.

«Iko hai. Haijue isikilize wapi.»

Ekra yenyewe iko na kibutoni chini ya kidevu, unakibonyeza mpaka inachagua ule mudomo wenye umeuingizia kable. Watu wangapi wametupa ekra nzima juu ya kile kibutoni! Nikabonyeza. Bado nyeusi. Sasa akaniambia nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri na niandike xrandr, herufi kwa herufi, kisha Entrée. Maneno mengi yakashuka. Kila mudomo wa ordinatere uko na jina lake pale, na kando ya jina neno la Kingereza: connected ama disconnected. Kingereza mimi sijui, lakini yale mawili nayajua kama majina ya watoto wangu. Connected, amefika. Disconnected, hajafika. Kama mutu hajafika, usipoteze wakati na parametri, ile mipangilio ya ndani. Rudi ku kable. Nikarudi. Visi moja ilikuwa inacheza. Nikaikaza, nikapiga tena: connected. Niliruka!

Kisha ukaingia mu Paramètres, ukaenda ku Écrans. Pale ekra zako zinaonekana kama vipande viwili vya sabuni, moja na mbili. Na unachagua. Miroir: ekra mbili zinaonyesha kitu kimoja, sawa mutu na kioo chake. Joindre: ekra mbili zinakuwa meza moja ndefu, na unaweza kusukuma karatasi kutoka huku kwenda kule.

Nilichagua Miroir. Nikabonyeza Appliquer. Hapo njo aibu yangu ilianza. Ordinatere ikaniuliza kama niko nataka kuhifadhi ile nimebadilisha, na ikaanza kuhesabu sekunde makumi mbili, ikirudi nyuma. Usipojibu, inarudisha vyote vile vilikuwa. Ni akili nzuri: kama umekosea na huoni kitu, unangoja tu, inakurudisha. Lakini mimi nasoma polepole, sawa mutu anachambua maharagi. Con-ser-ver. Les. Mo-di… Paf, imerudi. Nikaanza tena. Con-ser-ver les mo-di-fi… Paf. Mara ya tatu nikasimama.

«Sosthène, kuko wizi hapa!»

«Maman, bonyeza kwanza, utasoma kisha.»

«Nibonyeze kitu sijasoma? Mama Régina atatoka ku kaburi!»

Kwa mara ya kwanza akatoa mukono mu mufuko. Akapasua kipande cha karatoni, akaniandikia yale maneno kwa herufi kubwa. «Yasome leo muchana muzima. Kesho yakija, utakuwa umesha kuyasoma.» Vile nilifanya. Ile karatoni iko ku ukuta mpaka leo, na Aline anafikiri ni pambo.

Sasa, Miroir. Siku mbili nilikuwa malkia. Siku ya tatu akaingia papa mumoja, sitamutaja, mutu wa kanisa, wa kusimama mbele. Bibi yake alikuwa amerudi kwao. Alitaka barua ya kuomba musamaha, ipigwe ku mashini ili ionekane na heshima. Ananisomea kwa sauti ya chini, karibu ku sikio langu. Mimi napiga. Nilikuwa nimesahau kwamba benchi yote, watu sita, iko inasoma.

Mama mumoja mwenye kikapu akasema: «Papa, pale umesema ‹kama nilikukosea›. Toa ‹kama›.»

Yule papa akageuka kuangalia benchi.

«Ndiyo,» mwingine akajibu, «ulimukosea. Kama hukumukosea ungekuwa hapa?»

«Na aongeze kitenge.»

«Kitenge hakiandikwe mu barua, weye! Kitenge kinakuja mu mukono.»

Papa akasimama, akavaa kofia, akafika ku mulango. Pale ku mulango akasimama kidogo. Akarudi, akakaa, akatoa kofia. «Maman,» akaniambia kwa sauti ya kila mutu, «toa ‹kama›.»

Bibi alirudi mbele ya juma kuisha. Lakini mimi nilikuwa nimepata fundisho. Karatasi ya mutu ni ya yule mutu, si ya benchi. Nikaacha Miroir, nikaweka Joindre. Ile ekra ya benchi inakaa tupu mpaka nisukumie pale karatasi ya mwenye anahudumiwa. Naifungua mu madirisha mawili, moja kwangu, moja kwake. Kila mara naihifadhi na kumufungulia upya, aone pale tumefika. Na mwenye karatasi anakaa peke yake mbele, ku kiti. Benchi tuliirudisha mpaka ku ukuta.

Nacho kile Joindre kilinisumbua asubui moja nzima. Nasukuma sourisi kushoto, kwenda ku ekra ya kushoto: inagonga ukingo, inakataa. Nikaipuliza. Nikaigonga ku paja. Nikaazima sourisi ingine ku jirani: ileile. Nikatuma watu wamuite Papa Sosthène. Akafika, mikono mu mifuko, akaangalia.

«Maman, ordinatere haina macho. Haijue ekra umeiweka wapi. Iko inafikiri iko kuume.»

Kumbe ni kweli! Mu Paramètres, kile kipande cha mbili kilikuwa kimesimama kuume kwa cha kwanza. Unakikamata na sourisi, unakivuta kushoto, unakiachia, Appliquer, na yale maneno ya karatoni. Sourisi ikapita kama mutu anavuka barabara. Na pale pale uiambie ekra gani ni kubwa, juu usipoiambia, menyu yote itaenda kufungukia kwa kliya na weye utabakia unaangalia picha ya maua.

Haya. Sasa nifike pale Aline hataki nifike.

Kliya wangu mukubwa alikuwa Préfet, yani mukubwa wa shule, moja ya hapa muji. Jina lake tuliache, tumuite Préfet. Mitihani yote ya shule yake ilipigwa kwangu, kila trimesta, madarasa yote, na orodha za wanafunzi, na barua za wazazi. Alikuwa mutu wa tai na viatu vya kungaa, ananisalimia kwa heshima. Ile kazi yake njo ilibeba sekretaria. Zile zingine zilikuwa mboga.

Muchana moja akaingia na mwanamuke mu kitenge cha kufifia, amebeba kikapu. «Maman, huyu ni shemeji yangu, Nsimire. Bibi ya mudogo wangu, ule tulizika. Anatoka Nyantende.» Nsimire alikuwa ametembea kwa miguu toka asubui, matope mpaka ku magoti, na alinisalimia na mikono miwili. Walikuwa na karatasi ya mukono, kwa Kiswahili. Familia ilikuwa imekaa, ikakubaliana: shamba la marehemu, lile la chini ya barabara, lenye ndizi na mikaratusi, linabakia kwa Nsimire na watoto wake watatu. Majina mane yalikuwa pale: Nsimire, Bahati, Furaha, Asifiwe. Préfet alitaka ipigwe kwa Kifaransa, yeye mwenyewe anitamukie, kisha watie sahihi.

Nikamukalisha Nsimire ku kiti, mbele ya ekra. Préfet akasimama kando yangu na kuanza kutamuka. Nikapiga. Tukafika pale pa majina.

«Hapa andika: la famille du défunt. Inatosha.»

Kifaransa changu ni kidogo, lakini ile niliijua. Familia ya marehemu. Na kaka ya marehemu si familia?

«Papa Préfet, ku karatasi ya mukono majina iko mane.»

Akatabasamu. «Maman, weye uko wa kupiga. Hauko wa kuuliza.»

Sheria ya kwanza ya Mama Régina! Alinipiga nayo bila kujua. Vidole vyangu vikatii, sitaki kuficha. Viliandika la famille du défunt. Nikahifadhi, nikafungua kwa Nsimire sawa kawaida.

Nsimire akasogeza kiti. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, ku parokia, pamoja na mama wengine. Kifaransa hapana, lakini herufi alizijua. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya ekra, mustari kwa mustari, mpaka chini. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

«Shemeji, unatafuta nini?» Préfet akamuuliza.

«Natafuta Nsimire. Sijamuona.»

Benchi yote ikainua vichwa.

«Na Bahati sijamuona. Na Furaha. Na ule mudogo.»

«Ni Kifaransa, shemeji,» akamwambia, na akacheka. «Mu Kifaransa majina yanaingia kwa njia ingine.» Kisha akainama kwangu, sauti ya chini: «Maman, geuza ile ekra. Inamuchanganya bure. Atatia kidole, tutaenda.» Nikawa sijasogea. «Ama mitihani yangu ivuke barabara? Kule ngambo nako wanapiga.» Na akanyoosha mukono wake, akashika ule muguu wa kuzunguka.

Nitawaambia ukweli, wajukuu. Niliwaza mitihani. Niliiona yote, darasa la kwanza mpaka la sita, imelala ku meza ya watu wengine. Niliwaza na mama zenu, wenye walikuwa bado wanakula kwangu. Kisha nikaweka kiganja changu juu ya kichwa cha ekra, nikasema:

«Ekra haigeuki. Mwenye karatasi aone karatasi yake.»

Alivuta kidogo. Nilikandamiza. Mimi nimepiga mashini ya chuma miaka mingi. Mikono yangu si ya kuvutana nayo. Akaachia.

Yule mama wa kikapu, ule wa «toa kama», alikuwa ku benchi ile siku tena. Akasema kwa sauti ya kuuliza njia: «Mama, majina ya watoto wako ni nani? Tuyasikie.»

Nsimire akachukua karatasi ya mukono, akasimama, na akayasoma. Kwa sauti. Polepole kama mimi. Mane yote, watu sita wakisikia, vile Mama Régina alitaka. Nikafuta la famille du défunt, nikapiga majina akiangalia, na kidole chake kikifuata. Mara akasema: «Maman, umemukata Asifiwe.» Kweli! Nilikuwa nimeandika Asifwe. Nikarudisha ile i yake.

Préfet alitia sahihi. Mbele ya benchi nzima angefanya nini? Alikandamiza kalamu mpaka ikatoboa. Akanilipa, akanisalimia kwa heshima ileile, akatoka. Na toka ile siku sikupiga tena swali hata moja la mutihani. Mitihani yote ilivuka barabara, vile alisema. Ule mwaka, sambaza tulizokula hazikuwa tena za kuchagua. Ilikuwa njo chakula chenyewe.

Lakini baada ya miezi wakaanza kuingia mama wa Nyantende. Mumoja, kisha wawili, na vikapu, na matope. Walikuwa wanasimama ku mulango na kuuliza: «Ni hapa kuko ekra yenye inaangalia benchi?» Njo vile sekretaria ilipata jina lake. Ile jina munaona mbele ya nyumba, Papa Sosthène aliiandika kisha.

Sasa Aline. Aline si mujinga. Anasema: «Koko, mimi nikipata ekra zote mbili mbele yangu, naweka karatasi ya mukono ku kushoto, imeskaniwa, na ile napiga ku kuume. Shingo haigeuke, kazi inaenda haraka mara mbili.» Ni kweli. Nimemuona anafanya, ni kama mutu anakula na mikono miwili. Anasema tena: «Na watu leo wako na simu. Namutumia kazi ku simu, anaona.» Namujibu: anaona kesho, kama ako na simu, kama kuranti ya umeme iko, wakati karatasi imesha kutiwa sahihi. Anasema: «Koko, Préfet alikuwa mumoja. Umekaa na ekra miaka yote juu ya mutu mumoja.» Nilimwambia atafute ekra ya tatu. Akanionyesha nyuma ya ordinatere: midomo ni miwili. Alipiga na xrandr, aniletee ushahidi, huyu mutoto!

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, jana asubui, nimekaa ku kona yangu ya sekretaria na kaye ku magoti, natafuta vile nitamujibu. Aline ku klavye. Wakaingia wanaume wawili wa viatu vizuri, na katikati yao muzee mwenye fimbo. Tai ileile. Sikumujua kwa uso. Nilimujua kwa vile alisalimia: ni Préfet.

Wale wawili ni watoto wake. Walikuwa na karatasi ya nyumba yake, wameiandika wenyewe, walitaka Aline aipige na muzee atie sahihi palepale. Aline akapiga, akamufungulia muzee ku ekra ya benchi. Préfet akavaa miwani, akasogeza kiti. Akanyoosha kidole, kikaanza kutembea juu ya kioo, mustari kwa mustari. Kikafika chini. Kikarudi juu.

«Papa, unatafuta nini tena?» mutoto mukubwa akauliza.

«Natafuta jina langu,» Préfet akasema.

Yule mutoto akacheka kidogo, akainama kwa Aline. «Mademoiselle, geuza ile ekra. Mwangaza unamuumiza macho, muzee wetu.»

Mukono wa Aline ulikuwa umesha kufika ku ule muguu wa kuzunguka. Ni wiki mbili unautamani. Akaniangalia. Muzee hakuniangalia, alikuwa ameinamisha kichwa, na kidole chake kimesimama katikati ya ekra, hakiende juu, hakiende chini.

Sikusimama. Nilifunga kaye, nikasema toka ku kona yangu:

«Ekra haigeuki. Mwenye karatasi aone karatasi yake.»